Unataka kuwa mshauri wa ajira kwa wenye ulemavu Jobcentre ya Uingereza? Jua kwanza nani anafanya nini

Ukishasema unafanya kazi Jobcentre upande wa watu wenye ulemavu, Mswahili mwenzako hapa Uingereza atakuuliza moja kati ya mawili, ama "kwa hiyo nyie ndo mnaowakatia watu benefiti?" ama "sasa na mie mbona hunitafutii kazi hapo kwenu". La pili ntalijibu huko chini. La kwanza ndo lenye kazi, manake hata wanaoanza kazi hii wenyewe wiki za mwanzo wanakuwa hawajajua kazi yao inaishia wapi na ya mwenzao inaanzia wapi, na mteja akishahisi huna uhakika anajikunja, anakujibu ndio na hapana tu mpaka muda unaisha anaondoka.

Basi tuanze na nani ni nani. Jobcentre iko chini ya Wizara ya Kazi na Pensheni, DWP. Jina la Jobcentre Plus limekuja 2002 walipounganisha ofisi za ajira na ofisi za benefiti, yaani hela ya msaada ya serikali, na hofu yote ya watu inaanzia hapo: mlango uleule unaoingia kusaidiwa kutafuta kazi ndo unaoweza kupunguziwa hela ukikosa miadi bila sababu. Ndani ya mlango huo kuna kochi wa kazi (work coach), huyu ndo anaemuona mteja mara kwa mara, miadi ya kawaida dakika kumi hivi, anakubaliana nae atafanya nini kutafuta kazi. Kuna mtoa maamuzi, huyu haonekani, yuko mbali na faili, ndo anaesema mtu huyu afya yake inamruhusu kufanya kazi au haimruhusu, akitumia ripoti ya tathmini inayofanywa na kampuni yenye mkataba. Kuna Access to Work, mfuko wa serikali unaolipia msaada kazini, nao una watu wake na fomu zake. Halafu kuna wewe, mshauri wa ajira kwa wenye ulemavu, DEA.

Wewe huamui benefiti ya mtu. Hupimi mtu. Huna kalamu ya kuidhinisha hela ya kifaa. Kazi yako ni kumshika mkono kochi ambae ana mteja mwenye hali asiyoielewa, na mara nyingine kukaa mwenyewe na mteja kwa muda mrefu kidogo kuliko zile dakika kumi. Na ushauri wangu, dakika ya kwanza kabisa mwambie mteja usichoweza kufanya. "Mama, mimi siandiki ripoti ya benefiti yako, aliyeandika si mimi, na tukizungumza habari ya kazi hapa haina maana umekubali kuanza Jumatatu." Utaona mabega yanashuka. (Usimwahidi kwamba hakuna kitakachoandikwa kabisa, kila miadi ina kumbukumbu kwenye mfumo na mteja ana haki ya kujua hilo.)

Sasa kama huamui wala hulipi, una nini? Una swali. Kazi hii anayoitaka inafanywaje hasa, hatua kwa hatua, na hatua gani ndo inakwama? Watu wanaoanza wanadhani watasomeshwa magonjwa, wanakuja na daftari kuandika dalili za MS (ugonjwa wa mishipa ya fahamu) na dalili za usonji, lakini watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kukwama sehemu tofauti kabisa, na daktari anaejua ugonjwa hajawahi kuingia kwenye ghala.

Chukua mfano huu, nimeuunganisha kutoka visa zaidi ya kimoja ili asijulikane mtu. Kijana ana kifafa, dawa zinamsaidia lakini bado anaanguka mara moja moja. Kwenye faili kumeandikwa hawezi kazi za ghala. Yeye anaitaka ghala, manake ndo kazi zilizopo mji ule. Mnakaa mnaichambua: kupokea mzigo, kuskani, kupanga rafu za chini, kufunga maboksi, kupanda ngazi kwenda rafu za juu, kuendesha forklift, kupokezana shifti. Ngazi hapana, forklift hapana, shifti ya usiku hapana kwa sababu kukosa usingizi ndo kunamletea. Vilivyobaki vyote anaweza. Kumbe tatizo kubwa halikuwa hata ghala, ni kufika! Liko pembeni ya motorway, basi la kwanza linafika saa moja na nusu asubuhi na shifti inaanza saa kumi na mbili, na leseni ya gari hana, hapa ukianguka na kifafa kanuni ya kawaida ni mwaka mzima bila kuanguka ndo uendeshe tena. Kwa hiyo ile sentensi moja ya "hawezi ghala" imekatika vipande vitatu, na kila kipande kina mlango wake. Ngazi na forklift ni mazungumzo na mwajiri, ampe mwingine hizo hatua mbili. Shifti ni mwajiri vilevile. Usafiri ni Access to Work, wao wanaweza kulipia teksi ya mtu asiyeweza kuendesha au kupanda basi kwa sababu ya hali yake. Hakuna hata kimoja ulichokifanya wewe kwa mkono wako, ila bila wewe faili lingebaki na ile sentensi.

Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko inavyoonekana. 1944, vita haijaisha bado na askari wanarudi wamekatika viungo, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ajira za watu wenye ulemavu, ikaweka maafisa maalum kwenye ofisi za ajira, ikaanzisha daftari la kujiandikisha, ikamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 kutoka daftari hilo. Baadae kazi mbili zikatengwa kabisa kwa ajili yao, ya kulinda paking za magari na ya kuendesha lifti, ndo uone walivyowafikiria. Mtanzania akisoma hapo anashtuka, kwa sababu sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya 2010 nayo inasema wafanyakazi 20, asilimia 3, namba zilezile. Uingereza waliuacha mgao huo na sheria ya 1995, waajiri wengi walikuwa hawautimizi na walioshtakiwa miaka yote ile ni wa kuhesabika. Kwa hiyo leo ukienda kwa mwajiri huku huwezi kumwambia hujatimiza idadi, idadi haipo. Ulichonacho ni wajibu wake kwa mtu mmoja aliye mbele yake, na huo unatoka kwenye sheria ya usawa ya 2010, Equality Act.

Sheria hiyo inasema mwenye ulemavu ni mtu mwenye hali ya mwili au akili inayomzuia kwa kiasi kikubwa kufanya mambo ya kawaida ya kila siku, na hali hiyo imedumu au inatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Saratani, HIV na MS zinahesabika tangu siku ya kugundulika. Halafu kuna kipengele ambacho wengi hawakijui, kwamba hali inapimwa kama vile mtu hatumii dawa, kwa hiyo yule wa kifafa hata kama dawa zinamtuliza kabisa bado sheria inaweza kumlinda, miwani tu ndo haiingii humo. Kwa watu wetu hii ni habari kubwa. Mama wa Kiswahili mwenye kisukari au baba mwenye selimundu (sickle cell) hajihesabu kabisa kwamba yumo, kwake mwenye ulemavu ni wa kiti cha magurudumu au asiyeona, na fomu ikimuuliza anatia hapana. Selimundu hasa. Huku baridi inaweza kumuamshia mtu maumivu mpaka alazwe, na kazi wanazopewa wageni ni zipi? Stoo ya vyakula vya baridi, kupeleka mizigo na baiskeli Januari, kufagia nje. Mtu anaumwa, anakosa kazini mara tatu, anafukuzwa, hajui kwamba kuomba ahamishwe ndani au apewe mavazi ya joto na mapumziko ya kunywa maji lilikuwa jambo la kisheria, anadhani angekuwa anaomba huruma.

Mwajiri anadaiwa marekebisho yanayofaa. Yanayofaa yanategemea ukubwa wake, gharama, na kama kweli yatasaidia, na mengi hayana gharama yoyote, ni saa ya kuanza, ni mahali pa kukaa, ni kumpa mwenye usonji maswali ya usaili siku moja kabla, au badala ya usaili wa maneno kumwacha afanye kazi yenyewe saa mbili aonekane. Kabla hajatoa ofa mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kumuuliza mtu habari za afya yake, isipokuwa mambo machache kama anahitaji nini ili afanye usaili, au kama anaweza lile jambo ambalo ndo kiini cha kazi. Sasa mteja atakuuliza "niseme au nisiseme?" Usimjibu. Mwekee faida na hasara mezani, asiposema mwajiri ambae hajui na hana namna ya kujua hawezi kulaumiwa kwa kutorekebisha, akisema kuna wanaobadilika sura, hata kama sheria inakataza. Uamuzi ni wake, ndo ataenda nao kazini kila siku.

Hapa kuna beji utaiona sana kwenye matangazo ya kazi, Disability Confident, ya waajiri waliojiunga na mpango wa serikali wa kuajiri wenye ulemavu. Ina ngazi tatu, ya kwanza mwajiri anatoa ahadi tu, ya pili anajipima mwenyewe, ya tatu ndo inahitaji kuthibitishwa na wa nje. Inasaidia kidogo, hasa ile ahadi ya kumuita kwenye usaili mwombaji mwenye ulemavu aliyefikisha vigezo vya chini. Lakini mimi simpeleki mtu mahali kwa sababu ya beji, napiga simu kwanza.

Haya, pesa. Hapa ndo watu wanakosa usingizi. Mteja wako wa kawaida haogopi kazi, anaogopa kazi ikimshinda atarudi amepoteza kila kitu. Lazima uweze kumuonyesha hesabu kwenye karatasi. Tuseme yuko Universal Credit, benefiti kuu ya wasio na kazi au wenye kipato kidogo, ameshafanyiwa tathmini akaonekana ana uwezo mdogo wa kufanya kazi, na anapata hela ya nyumba humohumo. Mwaka wa fedha 2025/26 alikuwa anaruhusiwa kupata paundi 411 za mshahara kwa mwezi bila kuguswa. Akipata paundi 700 mkononi, zinatolewa 411 zinabaki 289, na katika hizo 289 Universal Credit inapungua asilimia 55, sawa na paundi 158.95. Kwa hiyo amebaki na paundi 541 na ushee juu ya alichokuwa nacho. Asiye na hela ya nyumba ndani ya Universal Credit kiwango chake mwaka huo kilikuwa 684. Na hakuna ile habari ya saa 16, hiyo watu wanaichukua kwenye benefiti nyingine, ESA, ya wasioweza kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu, ambayo yenyewe ndo ina kanuni ya kufanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki na kikomo cha pesa kinachobadilika kila Aprili. Msichanganye.

PIP je, ile benefiti ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu? PIP haiangalii mshahara wala haiangalii kama unafanya kazi, inaangalia hali inavyokuathiri. Mtu anaweza kuwa na kazi nzuri na PIP yake ikaendelea. Ila ukimwambia hivo mwambie na la pili, akianza kazi na mambo aliyoyaeleza kwenye fomu yakawa yamebadilika kweli, anatakiwa aseme. Scotland hawana PIP mpya, kule kuna Adult Disability Payment tangu 2022, na Ireland ya Kaskazini benefiti zinaendeshwa na idara yao wenyewe, hata ile sheria ya 2010 haiko kule, bado wanatumia ya 1995.

Mtego mmoja ambao lazima ulale nao kichwani: mtu ambae tathmini yake haijafanyika bado, hana PIP wala benefiti inayofanana nayo, akianza kupata mshahara unaofikia saa 16 za kima cha chini kwa wiki, kwa kawaida mlango wa tathmini unamfungia, anahesabiwa mzima. Umemsifia kapata kazi, miezi minne mbele kazi imemshinda, anaanza foleni upya. Huu sio wa kumwambia mtu kwa simu ukiwa unakimbilia miadi nyingine. Na viwango hivi vyote vinasogezwa karibu kila mwaka, kwa hiyo ukiona karatasi yenye namba nzuri angalia tarehe yake kwanza kabla hujampa mtu.

Access to Work ipo tangu 1994 na mpaka leo kuna waajiri hawajawahi kuisikia. Inalipia mkalimani wa lugha ya alama, programu ya kusoma skrini kwa asiyeona, mtu wa kumsaidia kazini, teksi, hata ushauri nasaha kwa mwenye matatizo ya akili kazini. Hailipii yale ambayo mwajiri anadaiwa kisheria, na mpaka kati ya hivi viwili watu wanaubishania kila siku. Kikomo chake kwa mtu mmoja mwaka 2024/25 kilikuwa kama paundi 69,000, kiasi ambacho kiziwi anaehitaji mkalimani kila siku anaweza kukifikia. Cha kushika wewe ni wiki sita. Anaeomba kabla hajatimiza wiki sita kazini, mfuko unaweza kubeba gharama yote. Akishazipita, mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na kuendelea anaweza kutakiwa kuchangia vifaa, na hapo ndo utasikia "bajeti yetu mwaka huu..." Kwa hiyo mteja akipata barua ya ofa leo, fomu inaingia leo. Foleni ni ndefu, siku hizi wanaosubiri ni makumi ya maelfu, lakini anaeanza kazi ndani ya wiki nne huwa anatangulizwa, hakikisha tarehe ya kuanza imeandikwa.

Ukitaka kujua kwa nini kazi hii ipo angalia pengo. Kati ya watu wenye ulemavu wa umri wa kufanya kazi, kama 53 katika kila 100 ndo wako kazini, wasio na ulemavu ni kama 82. Kwa wenye ulemavu wa kujifunza ambao wako kwenye huduma za halmashauri za England ni kama 5 tu katika 100. Watano! Hawa wa mwisho wewe peke yako huwezi, wanahitaji kochi wa kukaa nao kazini wiki kadhaa mpaka waishike, kwa hiyo daftari lako la simu liwe na mashirika ya hapo mtaani, RNIB kwa wasioona, RNID kwa viziwi, Mencap kwa wenye ulemavu wa kujifunza, na watu wa IPS walioko kwenye huduma za afya ya akili. Hao wa IPS mtindo wao ni kumtafutia mtu kazi halisi kwanza halafu msaada unafuata hukohuko kazini, na mfanyakazi mmoja anabeba wateja 20 hadi 25 tu. Kusema kweli, kama unapenda kukaa na mtu mmoja kwa muda mrefu, IPS inaweza kukufaa kuliko Jobcentre.

Sasa lile swali la pili, kuingia. Nafasi zinatangazwa kwenye tovuti ya Civil Service Jobs, na wengi hawaingii moja kwa moja kuwa DEA, wanaanza kochi wa kazi, wanajifunza mfumo, wanaomba kuhamia. Digrii kwa kawaida haidaiwi. Wanachotaka ni mifano ya ulichofanya, maneno 250 kwa kila sifa, na hapo Waswahili wengi tunaanguka kwa sababu tumelelewa kutojisifu, tunaandika "tulifanya" kila mstari mpaka msomaji hajui wewe ulifanya nini. Andika "nilifanya". Umemsindikiza jirani hospitali ukamtafsiria na kumjazia fomu ya PIP? Huo ni mfano, andika fomu ilikuwa ngumu wapi na wewe ukafanyaje. Kama una ulemavu mwenyewe, DWP iko kwenye ile ngazi ya tatu ya beji, tia alama na uombe marekebisho ya usaili.

Uraia unaangaliwa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kufanya kazi Uingereza anaruhusiwa kuomba nafasi za kawaida za utumishi wa umma, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda, na Mnyarwanda pia manake Rwanda imeingia Jumuiya 2009, hamhitaji kusubiri pasipoti ya Uingereza. Mkongomani na Mrundi mlango ni mwembamba zaidi, wengi inabidi wapate uraia wa hapa kwanza. Halafu kuna ukaguzi wa usalama, utaulizwa ulikuwa wapi miaka iliyopita, kusanya barua na hati zako mapema.

La mwisho ni lugha, kwa sababu ukijulikana unaongea Kiswahili kila faili lenye jina la kwetu litaletwa mezani kwako. Usikubali kuwa mkalimani na mshauri kwa wakati mmoja kwenye jambo zito, wizara ina wakalimani wa simu, omba. Na usimuache mtoto wa mteja atafsiri habari za ugonjwa wa mama yake. Kiswahili chenyewe hakiko kimoja, mzee wa Kibajuni au wa Barawa aliyekuja kutoka Somalia, na dada kutoka Bukavu, mtasalimiana vizuri tu lakini mkifika kwenye dawa na maumivu mnaweza kupishana, kwa hiyo mkalimani aombwe kwa eneo. Kiziwi aliyekulia Dar au Mombasa naye haijui lugha ya alama ya Uingereza akishuka tu ndege, na mkalimani wa kawaida hatamtosha, mara nyingi panahitajika kiziwi mwingine mwenye uzoefu akae katikati yao. Huyo anaombwa mapema, wiki kadhaa kabla ya miadi, na miadi yenyewe uitengee muda mara mbili.